Mikono Miwili Kifuani

Inspekta Abrafi Donkoh alianza na swali jepesi, maana alitaka kwanza kuona jinsi mtu asiyeweza kusogeza hata ulimi anavyojibu polisi.

"Dokta Okrah, unanisikia vizuri?"

Aliyeulizwa alikuwa ameegemezwa kwenye kiti kirefu karibu na dirisha, nyumbani kwake mtaa wa Bomso. Kichwani alivishwa kofia nyembamba iliyojaa nyaya. Mbele yake palisimamishwa skrini yenye herufi kubwa kubwa, na chini ya skrini kamera ndogo ilifuata mboni za macho yake popote zilipokwenda. Alikuwa akiikazia herufi macho, kisha anawaza kukunja ngumi ya mkono wa kulia, mkono ambao haukukunjika tena. Kofia ilinasa wazo lile, na herufi ikaingia. Mtambo huo aliubuni mwenyewe, kwa ajili ya wagonjwa wa watu wengine, siku alizokuwa bado anatembea.

Herufi ziliingia moja moja. Halafu sauti ya kiume, nzito, yenye kujiamini, ikatoka kwenye spika: "Nakusikia. Andika."

"Nani alikusukuma kwenye ngazi?"

Safari hii jibu halikukawia, maana mashine ilishalizoea jina lile. "Bentsil."

Mji mzima wa Kumasi ulishalizoea pia. Profesa Ekow Bentsil alikuwa mkubwa wa maabara ya chuo. Okrah ndiye aliyeujenga mtambo, mwaka baada ya mwaka, lakini siku ya kuuzindua Bentsil aliutangaza mbele ya wageni kuwa ni wake, na kwamba ameshaingia mkataba na kampuni ya ng'ambo. Jina la Okrah halikutajwa. Jioni ile ile watu hao wawili wakagombana ghorofa ya tatu ya jengo la maabara, na muda si mrefu Okrah akaokotwa chini ya ngazi. Alikaa wodini miezi bila kutoa neno. Alipovishwa kofia yake mwenyewe, neno la kwanza lililojulikana kutoka kwake lilimpeleka Bentsil mahabusu.

Kazi ya Abrafi ilikuwa kukamilisha maelezo ya shahidi kabla kesi haijaanza kusikilizwa.

"Alikusukuma vipi?"

"Mikono miwili. Kifuani."

"Ulimwona usoni?"

"Alikuwa anacheka."

"Kwa hiyo ngazi zilikuwa mgongoni kwako."

Macho ya Okrah yalitulia juu ya skrini kidogo kabla ya kuchagua. "Ndiyo."

Abrafi aliandika yote kama yalivyo. Mke wa Okrah, Afrakoma, alipita mbele yake na kitambaa, akafuta vumbi la hamatani, ule upepo mkavu wa jangwani, kwenye jicho la kamera. Alikuwa mwanamke wa mabega mapana, mwenye duka la samaki wa barafu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kubishana na wateja.

"Madam, maswali mengi ya nini? Mtu ameshasema. Au mnangoja alie ndiyo mridhike?"

"Naandika tu, dada."

Afrakoma alivuta kigoda, akachukua mkono wa kulia wa mumewe na kuanza kunyoosha vidole kimoja kimoja, kama daktari alivyomwelekeza. Kiganja kilipofunguka, Abrafi aliona kovu: mistari myembamba iliyolala sambamba, iliyojipanga kama meno ya kitana.

"Hilo kovu ni la nini?"

"La kuanguka! Mtu akiporomoka ngazi ghorofa nzima ulidhani anaokota maua?"

Abrafi akatabasamu kidogo, akafunga faili. Mlangoni alimuuliza, "Kesi hii, wewe unataka iishe vipi?"

Afrakoma hakuhitaji kufikiri. "Nataka aoze jela. Kabla hajaoza, nataka siku moja pua imuwashe, atake kujikuna, ashindwe. Halafu akae nayo mpaka jioni."

*

Bentsil aliletwa chumba cha mahojiano akiwa na shati la batiki lililokunjamana na suruali isiyo na mkanda.

"Karibu, dada yangu," alisema, kana kwamba yeye ndiye mwenyeji.

Abrafi alishtuka. "Sema tena."

"Nimesema karibu. Ahaa!" Bentsil akacheka. "Umetoka kwa Okrah. Umenisikia huko. Sauti ya ule mtambo ni yangu, mama. Nilijifungia studio kusoma maneno mpaka koo likakauka, enzi tulipokuwa tunakula fufu bakuli moja. Sauti ziko nyingi za kuchagua, lakini yeye kaing'ang'ania hii. Anataka nijihukumu kwa koo langu mwenyewe. Mjanja yule."

Abrafi alivuta kiti akaketi. "Mwanzoni uliwaambia wenzangu kwamba hukufika kwenye jengo jioni ile."

"Niseme nilifika ili iweje? Mtu niliyegombana naye kavunjika shingo."

"Kamera ya lango la chuo ina gari lako."

"Basi nilifika. Tumetukanana, nimeondoka. Nimemwacha juu, mzima, anamtukana marehemu mama yangu."

"Anasema ulimwibia."

"Maabara ni yangu. Mlango una jina langu. Nikautafutia mtambo mtu wa kuupeleka duniani. Yeye angekaa nao hapa, anauzungusha wodi hadi wodi bure, mpaka uote kutu. Kama huo ni wizi, nionyeshe kifungu cha sheria." Alinyoosha kiganja mezani, akakiacha wazi. "Kiko wapi? Niwekee hapa."

Abrafi hakuwa na kifungu. Alikuwa ameshamuuliza mwanasheria wa serikali, akaambiwa mikataba yote ina sahihi ya Bentsil, na Okrah hakuwahi kudai haki yake popote kwa maandishi.

"Na jina lake? Hata kulitaja ilikuwa kazi?"

"Halikuenea kwenye bango," alisema Bentsil.

Kwa muda wa pumzi moja Abrafi alitamani kulifunga faili pale pale na kumrudisha mtu huyu selo akaozee huko. Badala yake alimuuliza, "Ukimsukuma mtu kifuani kwenye ngazi, anaangukaje?"

"Chali. Kwani vipi?"

Abrafi alimwita askari wa zamu amrudishe ndani.

*

Daktari aliyempokea Okrah siku ya ajali alizibandika picha za mifupa kwenye kioo chenye taa, akaonyesha kwa kalamu. Paji la uso. Pua. Meno ya mbele. Kifundo cha mkono wa kushoto.

"Kisogo?"

"Kizima. Huyu alianguka kifudifudi. Shingo ilijipinda, mshipa unaopeleka damu nyuma ya ubongo ukachanika."

"Na mkono wa kulia?"

"Haukuvunjika. Kiganja tu kilichanika ndani."

"Mtu akianguka mbele hutanguliza mikono yote miwili, sivyo?"

"Kawaida, yote miwili."

Kwenye gari Abrafi alijitahidi kuutetea ushahidi wa Okrah. Huenda alisukumwa kwa nyuma, na ule uso unaocheka akauongeza kwa hasira. Watu walioumizwa huongeza. Hilo lingemwacha Bentsil pale pale alipo. Lakini mtu akisukumwa kwa nyuma bila kujua, mkono wake wa kulia ungebaki umefumbwa kwa sababu gani?

Mlinzi wa jengo la maabara, Issahaku, alimpokea akiwa na kofia yake ya kufumwa na tasbihi mkononi.

"Siku ile ulikuwa wapi, Baba?"

"Bombani, Madam, nyuma ya jengo. Natawadha."

"Ulisikia nini?"

"Ugomvi. Halafu kimya. Halafu miguu."

"Ya watu wangapi?"

Issahaku alivuta punje moja ya tasbihi kabla ya kujibu. "Mmoja. Anashuka mbio kama anawahi basi. Halafu mwili. Na chuma. Ng'aa, ng'aa, ng'aa! Kinadunda mpaka chini."

"Chuma gani?"

"Nilidhani silaha ya yule profesa. Nilipofika nikakitafuta, sikukiona."

"Ulimkuta nani?"

"Afrakoma peke yake. Alikuja na gari kumchukua mumewe. Amepiga magoti, kichwa cha mume mapajani."

"Mbona habari za chuma hazimo kwenye maelezo yako?"

"Waliniuliza kama Bentsil alikuja. Nikasema alikuja." Alitazama pembeni. "Tangu niajiriwe hapa yule bwana hajaitikia salamu yangu hata siku moja. Nimtafutie maneno ya kumtoa, kwa lipi alilonifanyia?"

Abrafi alipanda hadi ghorofa ya tatu. Maabara ilikuwa na vumbi la siku nyingi. Pembeni mwa dirisha palikuwa na stendi ya kamera iliyolazwa ukutani kwa sababu haikuweza kusimama: ilikuwa na miguu miwili, na pale pa tatu palikuwa na tundu tupu. Alifungua mguu mmoja kwa kuuzungusha. Ulikuwa chuma kizito, na ncha yake ya juu ilikuwa na mikato ya kuskurubia. Aliushika hapo kwenye ncha, kama mtu anayeshika rungu, akaukamata kwa nguvu zake zote, kisha akafungua ngumi.

Kiganja chake kilikuwa na mistari myembamba, sambamba, kama meno ya kitana.

Alitoka nje akasimama kwenye ngazi ya juu kabisa, chuma mkononi. Mtu anayekimbia hatari huacha vitu nyuma. Huyu alikuwa amerudi, akalegeza skurubu, akachukua chuma, ndipo akashuka mbio. Alikuwa anamfukuza mtu aliyekwisha kuondoka.

*

Afrakoma alikuwa jikoni akichuja supu nyepesi ya kumlisha mumewe kwa mrija. Abrafi alipita moja kwa moja mpaka sebuleni, akauweka mguu wa stendi mezani, chini ya skrini.

Macho ya Okrah yaliacha herufi. Yalitua kwenye kile chuma na hayakubanduka.

"Dada," Abrafi aliita, "njoo uone. Huu una wenzake wawili. Mmoja nimeuacha maabara. Wa tatu uko wapi?"

Afrakoma alisimama mlangoni na chujio mkononi. Supu ilidondoka sakafuni, hakuangalia.

"Ni wewe uliyefika wa kwanza," Abrafi alisema.

"Chini ya samaki," Afrakoma akajibu hatimaye. "Dukani, kwenye friji kubwa. Uko mle tangu siku ile."

"Ulipofika jengoni, Bentsil alikuwa wapi?"

"Nilipishana naye getini. Alinipungia mkono." Sauti yake ilipanda. "Madam, amemwibia mume wangu maisha yake, halafu ananipungia mkono! Nimeegesha gari tu nikasikia kishindo."

"Na mahakamani ungeapa kwamba ulimwona akitoka mbio baada ya kishindo."

"Ningeapa mbele ya yeyote."

"Nani alimfundisha Dokta kusema alisukumwa?"

"Hakuna aliyemfundisha. Siku ya kwanza tuliyomvika kofia nilimuuliza swali moja: ni Bentsil? Akatazama juu. Juu ni ndiyo. Sikuuliza Bentsil amefanya nini. Sikutaka kujua."

Abrafi aligeuka, akavuta kiti karibu na skrini ili amwone Okrah machoni.

"Dokta, aliyesukumwa kifuani huanguka chali. Wewe meno yako ya mbele ndiyo yaliyotoka. Ulikuwa na chuma mkono wa kulia. Ulitaka kufanya nini nacho?"

Herufi zilianza kuingia, bila haraka. "Kichwa chake."

"Ungemuua?"

"Ndiyo."

"Nini kilikuangusha?"

Hili lilichukua muda. Afrakoma alisogea akasoma herufi zikijipanga, mkono umeziba mdomo.

"Viatu vipya. Soli iliteleza. Nilivinunua kwa ajili ya uzinduzi."

Afrakoma alikuwa analia sasa, bila sauti, na Abrafi alijifanya anatafuta kalamu.

"Bentsil anatoka leo," alisema.

Okrah akafumba macho. Ulikuwa mlango pekee aliobaki nao, na aliufunga kwa nguvu mpaka kope zikatetemeka.

"Tuachie, Madam," Afrakoma alisema. Alipiga magoti. "Nakuomba kama ndugu yangu. Hakuna hakimu atakayemkatalia mtu wa hali hii. Wewe nyamaza tu. Hicho chuma nitakitupa mtoni. Yule mtu ni mwizi, na wewe unajua ni mwizi!"

"Najua."

"Basi!"

"Inuka, dada." Abrafi alimshika kiwiko, lakini maneno yake aliyaelekeza kwenye kope zilizofumbwa. "Dokta, kesho kutwa ataletwa mwingine kituoni. Mwanamke, labda, hana mkono wala ulimi, ana macho tu, na aliyemfanya hivyo yuko chumba cha pili anakula. Atavishwa kofia yako amtaje. Halafu wakili atasimama aseme: hawa wa macho tunawajua, kumbukeni yule wa Kumasi. Itakuwa mwisho wake."

Kope hazikufunguka.

"Na wa kwanza kusema hivyo atakuwa Bentsil. Chuma hiki kitajulikana, nikitaka nisitake, mlinzi alikisikia. Bentsil atawaambia watu wa kampuni kwamba mtambo uliodanganya ni wako, ule wa kwake ndio wa kuaminika. Atauuza kwa uongo wako."

Macho yalifunguka. Yalikuwa mekundu, na yalikuwa yanawaka.

"Andika," ilisema spika.

Abrafi akafungua karatasi mpya.

"Niliongopa. Bentsil hakunigusa. Nilitaka kumuua, nikateleza." Alipumzika, kisha herufi zikaendelea. "Sababu ni hizi."

"Kwa kufuta shtaka, Dokta, hayo ya mwanzo yanatosha. Sababu si lazima."

"Zangu ni lazima."

Abrafi alijua hakimu atauliza kwa nini shtaka linaondolewa, na kwamba mwendesha mashtaka akiulizwa husoma maelezo ya shahidi kama yalivyo, mbele ya waandishi wa habari na yeyote aliyeketi kwenye benchi. Alijua pia kwamba angeweza kuyafupisha, na hakuna bosi ambaye angemlaumu.

"Polisi hakati maelezo ya shahidi," alisema, akasogeza kiti. "Urefu ni juu yako."

Okrah alianza na mgonjwa wa kwanza kabisa. Alisema nani alichora kofia, nani alishona nyaya, Bentsil alikuwa nchi gani wakati huo na alirudi na ahadi zipi. Alitaja wodi, alitaja mashahidi walio hai. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso lililounganishwa, likaingia machoni, na Afrakoma akawa anamfuta ili kamera isimpoteze. Kivuli cha dirisha kilivuka sakafu yote. Supu ilipoa jikoni.

"Pumzika kidogo, mume wangu," Afrakoma alimsihi. "Utamalizia kesho."

"Bado," alisema Okrah.

*

Siku shtaka lilipoondolewa mahakamani, Abrafi hakulazimika kwenda Bomso, lakini alikwenda, akiwa bado na sare.

Afrakoma alimfungulia. Yeye mwenyewe alikuwa nje kwa dhamana, kwa kosa la kuficha kielelezo na kuwadanganya polisi. Aliposomewa shtaka alikataa wakili. "Nilificha," alimwambia hakimu, "na ningeficha tena," na hakimu akaahirisha hukumu huku akitikisa kichwa. Kuhusu Okrah, faili lilikuwa mezani kwa mwanasheria wa serikali, na hakuna aliyejua lingerudi na neno gani.

Okrah alikuwa anasubiri. Herufi zilikuwa zimeshajipanga kwenye skrini kabla Abrafi hajaketi.

"Alikuwa na uso gani?"

Abrafi alikuwa ametoa ripoti nyingi maishani, akajua kuna ya wakubwa na kuna ya mtu mwenye kinyongo. Alivua kofia yake, akaiweka magotini.

"Aliingia na suti mpya," alisema. "Alipiga picha na waandishi mlangoni, akamshika kila mtu mkono. Watu wawili wa kampuni walikuwa wamekuja kumpokea, wameketi benchi la mbele. Akakaa katikati yao. Hakimu akauliza sababu ya kuondoa shtaka, mwendesha mashtaka akaanza kusoma. Mwanzo Bentsil alikuwa anatikisa kichwa na kutabasamu. Wakili wake akasimama kupinga, hakimu akamwambia kaa chini, nimeuliza mimi. Wakafika kwa yule mama muuza vitambaa wa soko la Kejetia, mgonjwa wako wa kwanza, ulivyosema aliandika jina la mwanawe kwa macho wakati Bentsil hajakanyaga maabara. Mama huyo alikuwepo. Alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu mpaka mbele. Mmoja wa wale wageni akamwinamia Bentsil, akamuuliza: hii ni kweli?"

"Halafu?"

"Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Uso ukawa wa kijivu, jasho likaingia kwenye kola. Mgeni akamuuliza tena, kwa sauti, mahakama nzima ikasikia. Mdomo ukabaki wazi vile vile. Wale wawili wakachukua mikoba yao, wakahamia benchi la nyuma. Alipoambiwa yuko huru alikuwa ameketi peke yake. Akatoka kwa mlango wa pembeni, na wapiga picha walishamtangulia huko."

Macho ya Okrah yalimganda usoni. Afrakoma alikuwa ameacha kazi za jikoni, amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, mikono juu ya mabega yasiyomsikia.

Herufi zikaingia taratibu, moja baada ya nyingine.

"Rudia."

Abrafi akajiweka sawa kitini, akaanza upya pale Bentsil alipoingia mlangoni na suti mpya.